Ukuta Uliojengwa kwa Neno la Rafiki

Juma lililopita dereva mmoja kutoka Isiolo alinipitia akaniambia kwamba jirani yangu wa zamani, mzee aliyesafirisha ng'ombe na mahindi kwa lori lake, amefariki na kuzikwa siku hiyo hiyo. Jina lake sitalitaja, kwa sababu aliyemuumiza yungali hai na watoto wao bado wanasalimiana. Niliishi jirani naye miaka ya sabini, nikifundisha shule ya msingi pale mjini. Yeye alikuwa Mwislamu, mjukuu wa askari wa Kisomali walioletwa na Waingereza. Mimi ni mtu wa Meru. Hatukuwahi kugombana hata kwa ajili ya kuku.

Mama yake alikuwa amezeeka, na akili imeanza kumpotea. Ua wao ulikuwa mfupi, naye akiiona barabara aliwasihi wapita njia, nao kwa huruma wakamfungulia lango. Akishatoka alielekea kaskazini kutafuta ngamia ambao mumewe aliwauza zamani. Safari moja wachungaji walimkuta karibu na Ngaremara, midomo imekauka, wakamrudisha. Ndipo jirani yangu akaamua kujenga ukuta mrefu wa mawe, ili mama aote jua uani bila kuiona ile barabara. Lakini sheria ya baraza la mji ilisema ua wa mbele usipite kifua cha mtu mzima, na ukuta wa mawe sharti uwe na kibali.

Alimwendea diwani, rafiki yake tangu utotoni, ambaye wakati wa kura lori lile lilimbebea watu bure mpaka Gotu. Alirudi akicheka. "Mwalimu, ameniambia nijenge tu," alisema. "Kibali kitanikuta nikipaka chokaa."

Akajenga. Asubuhi nilimsikia yule bibi akitembea uani, akiimba peke yake kwa Kisomali, na mkewe jirani yangu akaweza tena kwenda dukani kwake bila wasiwasi. Kisha askari wa baraza la mji wakaja na nyundo. Jirani yangu alikimbilia kwa rafiki yake, akaambiwa yuko safarini. Ukweli tuliusikia baadaye, kwenye mkutano wa hadhara, diwani alipojisifu kwamba amri ya kubomoa aliipendekeza yeye mwenyewe, ili wananchi waone hapendelei mtu. Watu walipiga makofi. Jirani yangu alikuwa amesimama kando yangu, akatazama chini.

Tangu ukuta ulipobomolewa, kila alipokwenda safari na mkewe akiwa dukani, mama alifungiwa chumbani. Alikuwa akimwuliza mwanawe amekosa nini. Jirani yangu aliniambia jambo hilo mara moja tu. Bibi akafa kabla ya mvua za mwaka uliofuata.

Diwani alikuja matangani, akatoa salaam aleikum, akaketi karibu nasi.

"Uliniambia nijenge," jirani yangu alisema, kwa sauti ya chini.

"Nilikuambia kama rafiki, ndugu yangu. Kule barazani mimi ni diwani."

Jirani yangu akaagiza mgeni aletewe chai. Hakuwahi tena kuingia nyumbani kwa diwani. Mwanzoni mwa miaka ya themanini diwani alijijengea ukuta uliomzidi mtu kimo, na vipande vya chupa juu yake, na hakuna askari aliyeugusa. Lori lilipita pale kila siku.

Msomaji asidhani ninailaumu sheria. Marehemu mwenyewe, akiwa dereva, alikiri kwamba ua mfupi humwezesha mtu kumwona mtoto anayechomoka kuelekea barabarani. Kama angekataliwa kibali, angetafuta njia nyingine ya kumlinda mama yake. Hakukataliwa. Alidanganywa na mtu pekee katika ofisi ile ambaye hakuona haja ya kumtilia shaka. Siku hizi mjini kwetu kila jambo lina mtu wa kuliendea, na tunajivunia kumjua. Tunasahau kwamba mtu huyo ana viti viwili, na huchagua cha kukalia siku hiyo. Funzo ninalolichukua kwa marehemu ni chungu: rafiki mwenye cheo akikupa neno lake, mwombe aliandike. Asipotaka kuliandika, amekwisha kukujibu.