Gari Nililomchagulia Mume Wangu

Ninyi wajukuu, na ninyi wa nyumba nyingine mtakaosoma haya, simu wekeni chini kwanza. Mimi niliishia darasa la tatu, kalamu yangu inakwenda polepole, basi nanyi someni polepole. Mmezoea kunisifu kwamba bibi anajua kuchagua. Kijana akitaka kununua pikipiki anakuja kuniuliza. Nataka muache. Mkisha kusoma haya mtajua kwa nini.

Ng'ombe nawajua, hilo sikatai. Mume wangu alikuwa hanunui maksai mnadani mpaka nimtazame mimi. Ninamfungua mdomo naangalia meno, napapasa bega pale nira inapokaa, namtembeza kwenye mteremko nione kwato za nyuma zinakanyaga wapi. Wanaume wa mnadani walikuwa wakimcheka.

"Leo umekuja na mwajiri wako?"

"Nimekuja na macho yangu," anawajibu. "Ninyi ya kwenu mmeyaacha kwenye pombe."

Alikuwa akiniamini hivyo. Tumelima pamba na mahindi kwa ng'ombe niliowachagua mimi, na sikumbuki hata mmoja aliyelala shambani.

Sasa, mtoto wetu wa mwisho alikuwa Rwamgasa kwenye machimbo. Alikuwa na sehemu yake kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, yeye na wenzake. Miaka wanakula vumbi, halafu siku moja mwamba ukawafungukia. Msidhani alitajirika. Alipata cha kuezeka nyumba na cha kununua gari. Lakini wachimbaji wana imani zao. Wanasema kitu cha kwanza kinachonunuliwa kwa dhahabu lazima mama akitamkie neno, la sivyo mwamba unafunga. Basi akaja huku kijijini kwetu Shinyanga kunitafuta mimi, akamkuta baba yake amelala.

Baba yake alikuwa ameharibika nyonga na mgongo. Kukaa wima hawezi muda mrefu, kulala chali ndiyo nafuu yake. Tulijaribu kumpandisha basi kwenda hospitali, akashushwa njiani kwa maumivu. Daktari alishatuambia tumtunze tu.

Kijana akakaa pembeni ya kitanda. "Baba, nimepata kidogo. Sema unataka nini."

"Nataka kwenda Chato kwa dada yangu."

"Shangazi si tumpigie simu aje?"

"Simu zangu hapokei. Halafu mwenye swali ndiye anayetembea. Nataka nikae mbele yake nimuulize, dada, nilikukosea nini? Akishanijibu, mtanizika popote mtakapotaka."

Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nikausonga mpaka ukawa mgumu kama tofali.

Hapa lazima niwarudishe nyuma. Kwetu mvulana anaoa kwa ng'ombe walioingia na dada yake. Dada wa mume wangu aliolewa, ng'ombe wakaja, na ng'ombe wale wale ndio waliokwenda kwa baba yangu ili mimi niolewe. Kwa hiyo wifi yangu alikuwa na haki kwenye nyumba ile kuliko mimi. Ndoa yake ikivunjika, wakwe zake wanadai ng'ombe wao, baba yangu anawarudisha, na mimi narudi kwetu. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, nikiwa na mimba ya kwanza.

Basi asubuhi moja akaja. Mume wangu alikuwa shambani na plau. Wifi yangu alikuwa na mtoto mgongoni, jicho moja limefumba, mkono ameushika kwa mkono mwingine. Akasema, "Wifi, leo ameniua. Nimerudi kwetu. Kaka yangu yuko wapi?"

Nilimjibu nikiwa nimesimama mlangoni. Nikasema, "Kaka yako alijua utakuja. Amesema urudi kwa mumeo."

Hakuna aliyenituma. Mume wangu hakusema hivyo, wala hakujua lolote. Wifi yangu alinitazama kwa lile jicho moja, akamsogeza mtoto mgongoni, akarudi njia ile ile. Jioni majirani walimwambia mume wangu kwamba dada yake ameonekana. Nikasema, "Ndiyo, alipita kusalimia, ana haraka." Akafurahi. Akasema, "Angalau ametukumbuka."

Toka siku ile wifi hakukanyaga kwetu. Mkono wake uliungika vibaya, ukapinda. Mumewe alipokufa alihamia Chato kwa binti yake, anauza dagaa. Mume wangu akituma salamu, hazirudi. Akienda, anaambiwa hayupo. Maisha yote aliniuliza, "Hivi dada yangu ana nini na mimi?" Nami najibu, "Watu wengine ndivyo walivyo."

Sasa mnaelewa ile safari ya Chato ilikuwa kitu gani kwangu. Wale wawili wakikaa pamoja dakika tano tu, uongo wangu umekwisha.

Kijana akaniambia, "Mayu," yaani mama, "kuna magari mawili nimeyaona. Nimeshindwa. Twende ukachague, baba anasema wewe ndiye mwenye macho."

Tulianza na Ushirombo. Gari la kwanza lilikuwa la mwalimu mstaafu, mzee kuliko mimi. Gari la Kifaransa la zamani, refu, rangi ya maziwa, aina ambayo zamani ilibeba wakubwa wa serikali na mapadri. Siku hizi vijana wanayatafuta, wanayaita magari ya heshima. Yule mzee alikuwa amelivika kitambaa kama mtoto. Alifungua mlango wa nyuma, nikakaa. Mlango mpana. Kiti kama kitanda. Nilinyoosha miguu yangu yote. Nikainama nikatazama chini, tumbo lake liko juu, jiwe la kawaida linapita. Nikamwambia aliwashe, nikaweka kiganja juu ya boneti. Linanguruma taratibu, halitetemeki.

"Limekaa na wewe siku nyingi?" nikamuuliza.

"Watoto wangu wote wamezaliwa wamelikuta. Limepeleka wagonjwa hospitali, limepeleka maharusi kanisani, limepeleka wafu makwao. Halijamwacha mtu njiani hata mara moja."

"Na kwa nini unauza?"

"Macho, mama. Macho yamekwisha. Juzi nimemgonga mbuzi wangu mwenyewe." Akacheka, halafu akageuka akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Pale pale nilijua. Ningekuwa mnadani ningeshika kamba nisiachie. Nilimwona mume wangu amelala kwenye kile kiti, kichwa kwenye mto, anafika Chato.

Nikamvuta kijana pembeni. Nikamwambia, "Umesikia? Limebeba maiti. Baba yako mgonjwa, unataka kumlaza walipolazwa wafu?"

Kijana akakuna kichwa. "Lakini mayu, hata gari la hospitali..."

"Nimeshasema."

Mama akishasema, amesema. Yule mzee alitusindikiza mpaka barabarani, akatushukuru kwa kuja.

Gari la pili lilikuwa Geita mjini, kwenye uwanja wa kuuzia magari. Jekundu, la Kijapani, milango miwili, limelala chini kama mamba. Limetumika huko kwao miaka michache, bado linang'aa. Muuzaji alikuwa kijana mwenye miwani myeusi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hili ni gari la nini?"

"La michezo, bibi."

"Michezo gani, bao?"

"La mbio, bibi! Hili linakimbia!"

"Linamkimbia nani?"

Watu pale wakacheka, na mtoto wangu akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye lile gari. Alikuwa amekaa shimoni miaka yote ile akitambaa kwa magoti. Sikumlaumu. Alizungusha ufunguo, gari likanguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Kiti cha nyuma hata paka angejikunja. Mimi mwenyewe kuingia mbele nilishikwa mkono, kutoka nilivutwa na watu wawili.

Kijana akanong'ona, "Mayu, hili nalipenda. Ila baba ataingiaje?"

Nikamjibu, "Ataingia. Baba yako ni mgonjwa, si gogo. Hili jipya, halina mkosi wa mtu. Chukua, mwanangu, ninalibariki."

Nikaweka mkono juu ya bati lake jekundu na kutamka neno. Neno la mama, juu ya kitu nilichojua kwamba hakifai.

Siku ya safari mume wangu alioga, akavaa shati lake la kanisani, akatoka akiegemea bega la mwanawe. Alipoliona lile gari alisimama. Alilitazama kwanza magurudumu, halafu tumbo, halafu mlango, kama tulivyokuwa tukitazama ng'ombe. Kisha akanitazama mimi.

"Ni wewe uliyechagua?"

"Ni mimi."

Tulimwingiza. Ilibidi tumkunje, na mlio alioutoa mimi nausikia mpaka leo. Mimi nikajibana nyuma na mto na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tuliyomchukulia dada yake.

Hatukufika hata lami. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, magari ya mizigo yamechimba barabara ya kijiji chetu, katikati kumebaki tuta. Gari likalala juu ya tuta kwa tumbo, magurudumu yanazunguka hewani. Kijana akakanyaga mafuta, tope likaruka mpaka kwenye vioo. Watu wakaja. "Nendeni mkalete ng'ombe," mmoja akasema, "hii ndege imeshindwa kuruka." Wakaleta maksai wetu wenyewe, wakafunga mnyororo, wakalivuta kurudi nyuma. Watoto wanapiga vigelegele. Mume wangu ndani ya gari amefumba macho, machozi yanatiririka kwenda masikioni.

Walipomrudisha kitandani, kijana akatoka kwenda kuosha gari. Tukabaki wawili. Mume wangu akasema taratibu, anatazama bati, "Mama watoto, wewe hujawahi kukosea ng'ombe."

Nilikuwa na nafasi pale. Ningeweza kusema, nilikudanganya, dada yako hakukosewa na wewe, nilimkosea mimi. Nikachukua bakuli la uji nikatoka.

Kijana alifunga safari kurudi Ushirombo. Akakuta gari la mwalimu limeshauzwa, limekwenda mbali. Akasema basi atakodi gari kubwa, mvua zikipungua. Mvua hazikupungua. Baba yake alizidiwa, akawa hali chakula, na siku za mwisho alikuwa akiita "dada, dada," mimi nikiwa nimemshika mkono. Alikufa Jumapili, watu wakiwa wanarudi kutoka kanisani. Hakujua kosa lake mpaka anaingia kaburini, kwa sababu hakuwa na kosa.

Siku ya tatu ya msiba wifi yangu alikuja. Alipanda basi la Geita alfajiri, akabadilisha mara mbili, akamalizia na bodaboda. Mwembamba, nywele nyeupe, mkono wake umepinda vile vile. Wanawake waliinuka kumpokea. Hakulia. Alikwenda kaburini peke yake, akarudi, akaingia chumbani nilipokuwa nimekaa, akafunga mlango.

"Wifi, nimesikia alikuwa anaitaja Chato. Alikuwa anataka nini kwangu?"

"Alitaka kukuuliza amekukosea nini."

Akashangaa. "Ananiuliza mimi? Si yeye aliyesema nirudi?"

"Hakusema. Siku ile alikuwa shambani, hakujua kama umekuja. Nilisema mimi."

Nikaendelea, "Na gari la kumleta kwako lilikuwepo. Nililikataa kusudi, nikachagua lile lililo nje, ili asifike."

Nilidhani atanipiga. Ningekubali. Alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama, akanyoosha miguu yake kama mtoto.

"Nimemnunia kaka yangu miaka yote hiyo," akasema. "Alikuja Chato mara mbili. Nilikuwa ndani. Nilimchungulia kwenye tundu la dirisha, nikamwambia binti yangu aseme sipo. Alikuwa ameniletea kuku."

Ndipo akalia. Sikumshika. Sikuwa na mkono wa kumshika nao.

Alipotulia alisema hana nguvu ya kurudi leo, wala kesho. Hakuniambia amenisamehe na mimi sikumwomba, maana kuna maombi mengine ni kumtwisha mtu mzigo mara ya pili. Nilijifunga khanga nikatoka uani. Walikuwepo wote, wanangu, wakwe zangu, ninyi wajukuu mkiwa bado wachanga, na yule wa mwisho amekaa karibu na gari lake jekundu. Nikawaeleza niliyomweleza wifi yangu, neno kwa neno. Kijana alitazama chini, halafu akanitazama mimi, na yale macho sijayasahau.

Nikawaambia, "Kitanda cha baba yenu kitandikeni shuka safi, atalala shangazi yenu. Chakula kikiiva katika nyumba hii, anapakuliwa yeye kwanza. Na akisema lolote juu yangu, mbele yangu au nyuma yangu, asitokee hata mmoja wenu wa kunitetea."