Morani Aliyekosa wa Kula Naye

Siku yangu ya kwanza kwenye bwalo la chuo hapa Karatu, Meneja wa Huduma alinikabidhi funguo za stoo na upawa mkubwa. "Mama," akasema, "huu ndio kipimo. Mmoja wa maharage kwa kila mwanafunzi, usipungue wala usizidi." Nikautazama ulivyo na kina, nikamwambia, "Meneja, kwa upawa huu tutafilisika kabla ya Pasaka." Tukabishana mpaka akanitafutia mdogo. Ndivyo nilivyopata sifa ya ubishi, na sijawahi kuikataa.

Sikuwa mgeni wa jikoni. Nilianzia shule ya bweni, kisha nikapikia kambi ya watalii ukingoni mwa kreta, ambako kazi kubwa ilikuwa lanchi boksi: mkate, yai, ndizi na paja la kuku, vya kuliwa garini mtu akitazama simba. Chuo ni kazi nyingine. Shuleni kengele inamwambia mtoto ale, na mwalimu wa zamu anahakikisha. Chuoni hakuna kengele. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kushinda na njaa wiki nzima asiulizwe na mtu, maana sasa ni mtu mzima. Sisi wa bwaloni tunawafahamu kabla ya wahadhiri. Anayekumbuka kwao anachokonoa tu. Masomo yakimchanganya, anasahau kijiko. Na aliyepata mkopo jana haonekani kabisa, yuko mjini anakula chipsi.

Lekishon, kijana wa Kimasai wa Nainokanoka, hakuwa wa kundi lolote kati ya hayo. Alikuja kila mchana, akatoa kuponi yake ya chakula, akapokea sahani, akaketi, kisha akaisukuma kwa jirani yake na kuondoka. Nikadhani ni kipimo changu. Nikamwongezea nyama. Akaisukuma. Siku moja nikaenda kusimama mbele yake, mikono kiunoni, kama ninavyowasimamia wauza vitunguu wa Mang'ola wanaoficha vilivyooza chini ya gunia.

"Kula, mwanangu. Mimi siondoki."

"Asante, mama. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hewa?"

Akainamisha kichwa. Hakugusa hata tonge.

Haukupita muda, akaanguka darasani. Mshauri wa Wanafunzi, ambaye ndiye mkubwa wa mambo yote yasiyo ya darasani, akaniita. "Zahanati wamempima, hana ugonjwa. Kusema amekataa. Naona aahirishe mwaka, arudi nyumbani."

Kwenye karatasi, kuahirisha ni kurudi mwakani. Kwa kijana ambaye baba yake ameshaanza kulalamika kwamba ng'ombe hawana mchungaji, ni kutorudi.

"Nipe wiki mbili," nikasema.

"Wiki moja, mama."

"Siku kumi."

"Haya, siku kumi."

Moyoni nilikuwa nataka hizo hizo kumi.

Nikamkuta Lekishon kwenye benchi nje ya maktaba. Safari hii nilikaa, sikusimama. Akanieleza huku akitazama viatu vyake. Yeye ni morani, na morani hali peke yake. Anakula na wenzake wa rika, waliotahiriwa kipindi kimoja. Tena nyama haili mbele ya macho ya mwanamke aliyeolewa. Sekondari walikuwa wengi wa rika lake, wanajitenga wakiwa na sinia lao, mambo yanakwenda. Hapa chuoni yuko mwenyewe. Anaishi kwa chai na biskuti, ambavyo kwa hesabu ya kwao si chakula.

"Halafu wewe mama unakuja kunisimamia na nyama," akasema, karibu acheke.

"Si ule tu? Nani atamwambia baba yako?"

"Hakuna, mama. Lakini mimi nitajua."

Nikakimbilia getini. Mlinzi wetu alikuwa Mmasai wa Ololosokwan, nikaona biashara imekwisha. Akamtazama kijana, akanitazama mimi. "Mama, huyu ni wa rika la wanangu. Tukila naye sinia moja, mmoja wetu atakuwa amepotea, na si mimi."

Siku ya nane, Lekishon akaingia bwaloni akimvuta mkono mwenzake wa chumbani, Tluway, Mwiraqw wa Mbulu, kabila langu.

"Mama, tumehesabu. Huyu alitahiriwa mwaka uleule wangu. Anatosha."

"Nani kasema anatosha?"

"Nimepiga simu nyumbani. Wamecheka sana, ila hawakukataa."

Tluway akadakia, "Mama, babu zake waliiba ng'ombe wa babu zangu, leo wananipa urika! Nyama yangu iwe kubwa, ni fidia."

Nikawawekea sinia moja. Wakaenda kona ya mwisho, wakatupa mgongo. "Wote tazameni ukutani," nikawaambia wapishi wangu. Tukasimama wanawake wanne kama tuliopewa adhabu, masikio nyuma. Kisha ikaja sauti ya Tluway: "Taratibu bwana, hiyo ilikuwa yangu!"

Hapo nikapumua. Nikaenda kwa Mshauri. "Nimekurudishia siku mbili," nikamwambia, "sikuzitumia."

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaokwenda kuanza chuo mtaelekezwa kujisajili, kufuatilia mkopo, kutafuta vitabu. Hayo yote yana ofisi. Utakula na nani, hilo halina ofisi, na nimeona likiwarudisha watu nyumbani zaidi kuliko mitihani.

Siku yangu ya mwisho kazini, Lekishon alikuwa mwaka wa tatu. Alikuja na Tluway, na nyuma yao Msukuma, Mchaga, na kijana wa Pemba ambaye, kwa nilivyododosa, alitahiriwa akiwa mtoto mchanga.

"Huyu naye mmemhesabuje?"

"Huyu tumemsamehe, mama," akasema Lekishon. "Anaosha vyombo."

Wakataka masinia mawili. "Rika moja, sinia moja," nikasema.

"Rika limekua, mama."

Tukabishana mpaka foleni ikaanza kupiga kelele. Nikawahesabu vichwa, nikarudia. Nikawapa mawili, na mchuzi juu.