Ubao Ulioandikwa RING

Siamini bado. Simu ilitoka kisiwani Rusinga Jumatano asubuhi, na hadi sasa naiangalia, labda watapiga tena waniambie walikosea jina.

Ochieng' hayupo tena. Rafiki yangu tangu tukiwa vijana kwenye kiwanda cha pamba pale Homa Bay, miaka ya sitini.

Tulianza kazi siku moja. Mimi nilitoka Uriri na sanduku la mbao. Yeye alivuka maji na samaki wakavu amewafunga ndani ya shati lake la pili. Samaki tuliwala wiki nzima. Shati lilinuka mwaka mzima.

Akipanga marobota alikuwa akiimba wimbo mmoja tu wa kanisani, na kila siku alikosea ubeti wa pili, palepale.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Kwenye mashine ya kuchambua pamba kulikuwa na kengele ya kamba. Ukiivuta, mtu wa injini katika chumba cha pili anazima. Siku moja tulikuta ubao mpya umepigiliwa hapo: fuvu la mtu, na chini yake, kwa rangi nyekundu, RING. Hakuna aliyetueleza.

Tulikuwa tumesoma kidogo, na kwa Kijaluo tu. Kwa Kijaluo, ring ni kimbia.

Ochieng' alicheka hadi akakaa chini. "Omera, ndugu yangu, mzungu ametujua! Hatari ikija, Mjaluo kimbia!" Tangu siku hiyo, foreman, msimamizi wetu, akionekana mlangoni, mtu ananong'ona "ring", tunatawanyika.

Halafu pamba ikakwama kwenye meno ya mashine. Injini ikazimwa, Ochieng' akaingiza mkono kuitoa. Mimi nilisimama chini ya kengele. Ndiyo kazi niliyopewa.

Mtu wa injini akadhani tumemaliza. Mkanda wa mashine ukaanza kutembea, polepole kwanza.

Yawa! Kamba ilikuwa juu ya kichwa changu. Macho yangu yakaangukia ule ubao.

Nikakimbia.

Nilikimbilia chumba cha injini nikipiga kelele. Nilifika nimechelewa.

Ulikuwa mkono wa kulia.

Hospitalini msimamizi alimuuliza nani alikuwa kwenye kengele. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa miguu yake. Ochieng' akasema, "Hakuna mtu. Nilikuwa peke yangu."

Mimi nikabaki na kazi, yeye akarudi Rusinga.

Wiki iliyofuata ubao ulibadilishwa, Kiingereza kikatolewa: PIGA KENGELE. Maneno mawili tu.

Kila nilipomtembelea nilimkuta akishona nyavu, uzi ameubana kwa vidole vya mguu. Kila mara niliapa kwamba leo nitamwomba msamaha. Kila mara alisema, "Kula kwanza, samaki anapoa." Nikala, nikarudi nyumbani na neno langu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinionyesha picha ya kazini kwake. Nyuma yake kuna mashine kubwa na bango la lugha nisiyoijua. Nikamuuliza, linasema nini?

"Sijui, Kwara," akacheka. "Hakuna anayejua hapo."

Kicheko kilekile cha Ochieng'. Nilimwambia aulize. Sidhani kama ameuliza.

Ochieng', nimeandika sasa ambapo huwezi kusoma. Hata hapa nimechelewa.

Lala salama, omera. Hukuwa peke yako. Nilikuwa chini ya kengele.