Mvua za Jumatatu

Mildred Makhanu alisomea mvua mpaka ikampa udaktari. Kule chuoni Kakamega wanafunzi humwogopa kwa jambo moja: ukimpelekea takwimu zenye pengo, anakurudishia karatasi zako kabla hujaketi. Hana simile na kazi ya ovyo. Kumbe pengo baya kuliko yote lilikuwa kwenye madaftari ya baba yake mwenyewe.

Mzee Philip, mkulima wa miwa huko Mayoni, alipima mvua kwa kujitolea miaka thelathini na minne. Kila siku saa tatu asubuhi alitoa chupa kwenye kipimamvua, akasoma, akaandika, akamwaga. Alipofariki, mkewe Nekesa aliishika kazi hiyo. Ni Jumapili tu ambayo haikuandikwa. Siku ya Bwana hakuna kazi, na kuandika ni kazi.

Mildred alipoanza utafiti wake aliliziba pengo hilo kisomi. Ikiwa Jumapili chupa haikuguswa, basi maji ya Jumatatu ni ya siku mbili, akayagawa nusu kwa nusu. Jumatatu moja, yeye akiwa darasa la tatu, baba yake alikuwa ameandika milimita mia moja sitini na mbili. Mildred akaweka themanini na moja. Tasnifu ikapita, akapigiwa makofi.

Kisha Wandera, kaka yake, akataka kumjengea mama yao nyumba mpya bondeni, karibu na kijito, mama asihangaike na maji. Akamuuliza daktari wa familia. Mildred alipiga hesabu akasema bila kusita kwamba kijito hakiwezi kufika pale. Nyumba ikasimama, mama akahamia na kipimamvua chake. Majirani sita nao wakashuka kujenga kando yake, maana daktari alikuwa amesema.

Jumapili Mildred huwa kwenye kwaya ya kanisa lake kule Shieywe. Lakini Aprili hii, picha za setilaiti zilimnyima raha tangu Ijumaa, na Jumapili akaenda Mayoni kumwona mama. Alifika karibu saa tatu. Mbingu upande wa ziwa ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria, wala hakukuwa na upepo. Akamkuta mama amevaa nguo ya kanisani, chupa mkononi, anamwagia sukuma yale maji.

"Mama, unafanya nini?"

"Si namwaga? Baba yako alikuwa anamwaganga kila Jumapili kabla ya kanisa, chupa isijae ikafurika. Kumwaga si kazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama tunaandika. Nikakwambia Jumapili hatuandikangi."

Mildred akapiga hesabu upya kichwani. Kila Jumatatu ilikuwa ya siku moja. Mvua kubwa za baba yake alizikata nusu kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, na juu ya hizo nusu akawajengea watu. Aliona haya, na zaidi ya haya aliona hofu.

"Ile Jumatatu ya mia moja sitini na mbili," akauliza polepole, "maji yalifika wapi?"

Mama alinyoosha kidole kuelekea mlango wa jiko lake jipya. "Yalipita hapo. Yakabeba ng'ombe wa watu."

"Na ukakubali kujengewa hapa?"

"Wewe ndiye umesoma, mwanangu. Nikasema labda mimi nimesahau."

Tone la kwanza likagonga bati, zito. Mildred akamshika mama mkono, wakaanza kupanda mlima kwenda nyumba ya zamani. Njiani akasimama kwa Titus, mmoja wa wale majirani sita, aliyekuwa barazani na mkewe na watoto wanne, wakinywa chai.

"Titus, toeni watoto! Twendeni juu, maji yanakuja!"

Titus alitazama mbingu, akamtazama yeye, akacheka kwa heshima.

"Aa, daktari. Si ni wewe ulitwambia hapa hayafikangi?" Akamvutia kiti. "Karibu chai, mvua ipite."