Nilivyomwachia kambale Ziwa Kitangiri ili nimwamkie baba mkwe

Wakuu, salaam kwenu, na wakubwa wote mliomo humu shikamooni.

Najua kuna watakaosema hii ni chai, stori ya kutunga. Hapa hakuna majani wala sukari, tope la ziwa bado liko kwenye viatu vyangu.

Mimi ni Mnyaturu wa Ikungi, nauza spea za pikipiki Singida mjini. Mtu wa nchi kavu kabisa. Maji mengi niliyowahi kuyazoea ni ya kwenye dumu.

Miezi miwili iliyopita tulipeleka barua ya posa kwa kina Neema, mchumba wangu mwalimu, huko Iramba chini ya mlima Sekenke. Kimya.

Neema akaja kunipasulia: baba yake anasema siku moja nilimpita barabarani na pikipiki bila hata kumwamkia. Kijana hana adabu. Barua ikafungiwa kabatini.

Wakuu, sikumwona! Vumbi la barabara ile mnalijua. Lakini utamweleza nani?

Nikawa mnyonge hadi nikaanza kuwapa wateja spea zisizo zao. Ndipo rafiki zangu wawili, Shedi na Hamisi, wakasema twende Kitangiri tukavue, nipunguze mawazo. Shedi alikuwa amerudi kutoka Dar na fishing rod mpya, fimbo ya kuvulia yenye mashine ya kukunja uzi. Anailaza kitandani kwake, sitanii.

Jana asubuhi tukateremka Sekenke, tukamkodi mvuvi mwenyeji, kaka Msengi, pamoja na mtumbwi wake. Life jacket tulizivaa tangu kwenye gari. Mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, walitucheka sana.

Tukaenda katikati kabisa, nchi kavu ikabaki mstari tu. Hamisi akajipa cheo cha kapteni huku ameng'ang'ania kingo za mtumbwi kwa mikono miwili.

Chambo chetu kilikuwa utumbo wa kuku wa kienyeji. Singida hatuna mchezo, hata samaki tunamlisha kuku.

Saa nzima tulipata viperege viwili vya kutia huruma. Ikafika zamu yangu.

Fimbo ikapinda!

"Kambale huyo!" Msengi akapiga kelele. "Usimwachie, mchoshe kwanza!"

Nilicheka kama mwehu, wakuu. Miezi miwili sijacheka vile. Shedi anarekodi, Hamisi anasali, mimi nakunja uzi.

Mtumbwi mwingine ukatokea upande wa kulia. Msengi akasema tu kawaida, "Aa, mzee yule huwa anakuja kununua samaki huku huku majini. Baba yake mwalimu Neema."

Mkwe mwenyewe huyo!

Sasa kwetu mkwe humwamkii umekaa, kofia kichwani, mikono iko kwenye shughuli nyingine. Na mimi tayari nina kesi. Nikasimama, nikavua kofia, nikakunja magoti, nikaweka mikono yote miwili kifuani.

Yote miwili, wakuu.

Fimbo ikaenda.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba. Hujambo kijana?"

"Sijambo baba."

Mpini wa ile fimbo ni mwepesi, unaelea. Basi ikawa inakimbia juu ya maji, kambale anaivuta. Shedi akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo baba, wanakusalimu."

"Mvua huko Ikungi vipi?"

"Zimechelewa kidogo baba."

Mzee akageuza shingo. "Na kile kinachokimbia pale ni nini?"

"Ni fimbo ya kuvulia, baba."

"Ya nani?"

"Ya kwetu, baba. Ila hakuna shida."

"Shida ipo!" Shedi akalia.

Mzee akamwelekeza mpiga kasia wake, wakaifukuza, wakaidaka. Ile mashine hakuielewa, akavuta uzi kwa mkono. Kambale akatoka, mrefu kama mguu wangu kuanzia goti kushuka chini. Mzee akamtazama, akanitazama mimi niliyekuwa bado nimekunja magoti, akacheka mpaka mtumbwi wake ukayumba.

Akaturudishia fimbo. Samaki akambakiza.

"Huyu nitamkausha kwa moshi," akasema. "Jumamosi njoo na wazee wako, tumle pamoja tukizungumza ile barua."

Nilikaa chini bila kuangalia, nikamkalia Hamisi.

Shedi hajanisemesha tangu Sekenke. Neema alipiga simu jioni, akacheka mpaka salio likakata. Mimi natabasamu mwenyewe dukani, wateja wanadhani nimepandisha bei.

Nilichojifunza: ukienda kuvua ziwa la ukweni, funga fimbo kwenye mtumbwi, mikono ibaki huru.

Haya, mlete maneno. Wewe ungeshika samaki au ungeamkia? Na mwenye kujua namna ya kumla kambale mbele ya mkwe bila kutoa miba mdomoni kwa vidole, anifundishe kabla ya Jumamosi. Sitaki kesi ya pili.