Hita ya Gari la Chande

Chande hakumfungia mama yake ndani ya gari ili joto limmalize. Hilo lisemwe mwanzo kabisa, maana Mikindani ina wasemaji wengi kuliko wajuao, na Chande mwenyewe ametangulia mbele ya haki. Hawezi kuja barazani kujitetea. Aliyekuwapo tangu mwanzo hadi mwisho ni mkewe, Mwalimu Rehana, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na moja na hakuwahi kusahihisha jibu ambalo hakulisoma.

Habari yenyewe ilianza na baridi. Bi Mwanaamina, mama yake Chande, alipovuka miaka themanini alianza kusikia baridi ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Januari, watu wakijipepea kwa chochote kilicho karibu, yeye alikaa mbele ya jiko la mkaa amejifunika mablanketi mawili, akizungumza taratibu kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Daktari alipima damu, akapima tena, akasema ni uzee.

Haja yake ilikuwa moja tu: apelekwe Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma, akaonane na mdogo wake Halima kabla hawajafa. Ndugu hao hawakuwa wamesemezana kwa miaka ishirini na miwili. Mara mbili Chande alimpakia katika Hiace yake kuukuu, ile aliyobebea viti na masufuria ya kukodisha kwa shughuli. Mara zote mbili, kabla ya kufika Madimba, mama alitetemeka mpaka meno yakagongana, akaomba arudishwe kwenye jiko lake.

Ndipo Chande alipokumbuka kwamba gari lile lilitoka nchi ya theluji. Chini ya kiti cha nyuma kulikuwa na kisanduku cha chuma chenye feni: hita. Alikaa sakafuni mchana kutwa, kiganja juu ya kisanduku, akamwambia Rehana kwamba miaka yote hiyo wamekuwa wakitembea na moto wa watu wa mbali, nao hawajui.

Lakini mipira miwili inayopeleka maji ya moto kutoka kwenye injini ilikuwa imekatwa, kama mafundi wa huku wanavyoyafanyia magari mengi yakifika. Nani wa Mtwara atawasha moto garini? Vipande vilivyobaki Chande alivibonyeza kama mtu anayechagua papai. Penye klipu vilikuwa laini mno, kwingineko vimekauka na kupasuka kama kisigino. Maduka ya vipuri hayakuwa na mipira ya namna ile. Kwa haraka yake alinunua mpira wa kijani wa kumwagilia bustani, akaufunga mwenyewe.

Hilo ndilo kosa lake, na hana jingine.

Walikuwa wamefika Mtawanya, saa sita mchana, vioo vyote vimefungwa. Kulitoka mlio, kisha mvuke mweupe ukapanda kupitia sakafuni mpaka Rehana hakuuona uso wa mumewe aliyekaa naye bega kwa bega. Kwa kitambo hakukuwa na barabara wala mji, ni weupe tu, na pumzi za watu watatu ndani yake. Nje, watu waliona mwanamume anamtoa bibi kizee katika gari linalofuka, amezongwa mablanketi, jua la utosi. Waliyosimulia jioni yake yanajulikana. Hawakusimulia kwamba bibi hakuungua hata ukucha, kwa kuwa mpira ulipasukia mbele, kwenye injini. Wala hawakusimulia alichosema akiwa mikononi mwa mwanawe.

"Mbona mnanitoa? Ndiyo kwanza nimepata joto."

Chande akampelekea gari fundi Elisha, mtu wa Makete, ambako umande huganda juu ya majani ya viazi. Elisha aliutazama mpira wa kijani akacheka mpaka akaketi.

"Mzee, huu ni wa mchicha. Kwetu nimefunga hita za kutosha, ila huku wewe ni wa kwanza. Nitakupiga picha nikutundike ukutani."

Mipira ya kweli, yenye nyuzi ndani, ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Elisha alisubiri injini ipoe ndipo akafungua rejeta. Vipande vya zamani hakuvivuta; alivichana kwa kisu, maana midomo ya hita ni myembamba na huvunjika. Akasugua kutu, akasukuma mipira mipya kwa maji ya sabuni, akakaza klipu, akaiacha injini iungurume hita ikiwa wazi hadi mapovu yakaisha. Kesho yake akaja kuzikaza tena. Akaagiza neno moja: gari likisimama linaunguruma, mtu asiuondolee macho mshale wa joto.

Jumamosi walipita Mtawanya. Wakaipita mikorosho, safu baada ya safu, na hita ikivuma kama mtu anayesoma chumba cha pili. Shati la Chande lilikuwa limemgandia mgongoni. Wakaisubiri Madimba. Ikaja, ikabaki nyuma. Rehana alipogeuka, Bi Mwanaamina alikuwa amelala, blanketi moja limemwanguka, akitaja katika usingizi majina ya watu waliozikwa kabla Rehana hajazaliwa.

Msimbati, Halima aliletwa amebebwa juu ya kiti. Akachungulia ndani ya gari, uvuguvugu ukampiga usoni.

"Nipandisheni," alisema.

Bi Mwanaamina akaamuru mlango ufungwe. Chande akaenda zake mchangani. Rehana alibaki kiti cha mbele, macho kwenye mshale wa joto, kama fundi alivyoagiza, na vioo vikashika ukungu mpaka nje kukafutika. Walikaa hivyo karibu saa nzima. Mshale haukupanda.

Bi Mwanaamina alifariki siku ya kumi na moja baada ya safari ile, kitandani kwake. Tangu hapo wapo wanaomuuliza Rehana, msibani, sokoni, hata hospitalini akiwa na mgonjwa, ni nini kiliwatenga ndugu wale, na yupi alitangulia kumtaka mwenzake radhi. Alisikia kila neno. Hasemi, na hatasema.