Joto la Baba

Kazi yangu ni kuwauzia maharage watu wanaoamini kwamba nawaibia. Mteja anatikisa debe ili yashuke, anadai nijazie tena, nami natazama mikono yake wala si uso wake. Tunabishana, tunataniana, kisha anaondoka akidhani amenipata. Katika soko la Kasulu nimejifunza kwamba kila kitu kina bei ya kwanza na bei ya kweli, na mtu mwenye akili haondoki kabla hajaisikia ile ya pili. Nimepata bei ya pili ya viwanja, ya jeneza, hata ya mahari ya mdogo wangu. Nilishindwa mara moja tu, na kilichonishinda kilikuwa kidude cha plastiki chenye umbo la bastola.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Kwetu ugonjwa ule ulikaa kama mkwe aliyekuja bila taarifa: wote tunajua yumo ndani, hakuna anayemtaja. Watu walikufa kwa presha, walikufa kwa uzee hata wakiwa vijana, walikufa kwa changamoto ya upumuaji. Tulizika, tukanawa mikono kwenye ndoo yenye koki, tukarudi sokoni.

Huko Kigoma kulikuwa na meli nyeupe ya watalii. Ilikuwa ikiwapeleka Wazungu ziwani hadi kusini, wanakula mezani, wanalala kwenye mashuka, asubuhi wanapiga picha milima. Korona ilipowafungia Wazungu kwao, meli ikabaki gatini ikila kutu. Mwishowe wenye meli wakakumbuka kwamba hata sisi huwa tunasafiri. Siku moja gari la matangazo likapita sokoni: safari zimerudi, salama kabisa, afya kwanza, nusu ya abiria tu, kila familia chumba chake! Wa Kasulu na Kibondo watapimwa joto hapahapa Kasulu, kisha watapanda basi la meli lisilosimama njiani, wasichanganyike na mtu hadi gatini.

"Leo na sisi tutalala kwenye mashuka ya Wazungu," alisema jirani yangu muuza nyanya.

"Usicheke sana," nilimwambia. "Mtu aliyekukumbuka baada ya kukosa wenzake hajakukumbuka."

Lakini moyoni nilishafurahi, kwa sababu ya shangazi.

Baba yangu anaishi Kibondo, na katika watoto wa tumbo lao walikuwa wamebaki wawili: yeye na dada yake mdogo, aliyeolewa na mvuvi akamfuata Kirando, mbali kusini mwa ziwa. Walikuwa hawajaonana tangu mimi nikiwa na nywele za mafungu mawili. Mwaka ule moyo wa shangazi ulikuwa umepanuka na miguu imevimba, na hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, lugha ambayo sote tunaielewa. Binamu yangu alinipigia simu akamwekea mama yake sikioni. Shangazi alisema maneno machache: "Mwambie kaka aje nimwone nikiwa na macho. Kuzikwa, nitazikwa na yeyote."

Tatizo lilikuwa nyonga ya baba. Mara ya mwisho alipojaribu kwenda kwa barabara, tulimshusha Uvinza mguu haukunjiki wala haunyooki, analia mbele ya watu, na baba yangu si mtu wa kulia mbele ya watu. Kwenye meli angelala chali mpaka afike. Meli ndiyo iliyokuwa njia yake, na hapakuwa na nyingine.

Nikamfuata wakala wa tiketi pale stendi.

"Nataka chumba cha chini, karibu na choo."

"Mama, vya chini vimeisha."

"Vimeisha au vimelala?"

Akacheka. Mtu akishacheka, umeshaingia. Nilimuuliza habari za watoto wake, nikamsifia barakoa yake, nikainuka kama ninayeondoka, nikarudi. Chumba cha chini kikaamka. Kabla sijapokea tiketi ya baba nikamuuliza swali ambalo mfanyabiashara yeyote huuliza: mzigo ukikataliwa njiani, je?

"Akizidi joto hapandi. Atasubiri safari ijayo, tiketi haifi. Ila hapimwi mara mbili."

"Kwa nini?"

"Watu wana ujanja, mama. Atakwenda nyuma ameze panadoli, arudi amepoa. Tukikupima mara ya kwanza, hiyo ndiyo wewe."

Niliona ni sharti la akili. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, kwamba nililisifu.

Baba na mama walifika Kasulu jioni ya kuamkia safari. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani na barakoa ya kitenge aliyoshonewa na mama kutoka kwenye kipande kilichobaki cha gauni lake, kwa hiyo walifanana kama kwaya. Mkononi alikuwa na chupa ya asali ya Kibondo kwa ajili ya dada yake, na hakukubali mtu mwingine aishike. Mama alibeba furushi la majani. Mkaratusi, mchaichai, mpera, na mengine ambayo majina yake nayajua kwa Kiha tu. Nilipoliona nilidhani ni zawadi ya Kirando. Watu wa milimani huwa tunadhani watu wa ziwani hawana majani.

Alfajiri nilitangulia kushika foleni katika ukumbi wa harusi uliokodishwa kwa upimaji. Baridi ya Kasulu saa hiyo inauma masikio. Nikamwambia mama amlete baba kwa bajaji kutakapopambazuka, maana nyumba yangu haiko mbali na stendi.

Foleni ilikuwa ya kwetu, yaani kifua mgongoni. Nesi alivaa gauni la bluu na alikuwa amechora mistari ya chokaa sakafuni, kila mmoja asimame kwenye wake. Alikuwa akisihi, "Jamani, mita moja! Mita moja jamani!" na watu walikuwa wakimjibu, "Ndiyo, dada," huku wakisogea mbele. Mwanamume mnene aliyekuwa nyuma yangu alikohoa hadi kofia ikamdondoka. Akaiokota, akaniegemea kwa siri.

"Usiogope, dada. Nimemeza panadoli mbili tangu saa kumi. Paji langu la uso limepoa kama mtungi."

"Na kifua?"

"Kifua hawapimi."

Bajaji ikafika. Baba alishuka akiwa amefungwa blanketi juu ya koti, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, na uso unang'aa kama mandazi yanayotoka kwenye mafuta. Nilisikia harufu kabla hajanifikia. Mkaratusi.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemfukiza," alisema mama, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesubiri kushukuriwa. "Anakwenda kulala na watu asiowajua. Nimechemsha sufuria kubwa, nikamfunika mablanketi mawili, amekaa humo hadi jasho limetiririka kwenye nyayo. Sasa hakuna ugonjwa utakaomgusa. Nimemfunga asipigwe na upepo, maana aliyefukizwa hapigwi na upepo."

Mwaka ule nchi nzima ilijifukiza. Redioni walihimiza, kanisani walihimiza, mimi mwenyewe nilikuwa nimejifukiza sokoni kwenye kibanda chenye foleni. Kwa hiyo mama hakufanya wazimu. Alifanya kilichosemwa, na alikifanya vizuri, kama anavyofanya kila kitu. Angekifanya hovyo, baba angepanda meli.

Nilimvuta baba pembeni apoe kwanza, lakini zamu yetu ilikuwa imefika, na nyuma yangu wakaanza, "Songa mama, songa!" Baba akamwamkia nesi kwa Kiha, akavua kofia. Nesi akanyoosha kile kibastola cha kupimia joto. Kikalia mara tatu.

Thelathini na nane na pointi moja.

Nesi akarudi hatua nyuma. Ile foleni aliyoshindwa kuitenganisha tangu alfajiri ikajitenganisha yenyewe. Nafasi iliyobaki kumzunguka baba ingetosha ngoma.

"Mzee una homa."

"Sina homa, binti. Nimeogeshwa mpaka mifupa."

"Hilo joto ni langu!" mama alipaza sauti. "Nimempa mimi! Mwulize, alikuwa kwenye mvuke dakika chache zilizopita!"

"Mama, hiki hakijui joto ni la nani."

Ndipo nikaanza kazi yangu. Nikasema ampime tena baada ya nusu saa. Hapana. Nikasema ampime kwapani. Hapana. Nikasema nitalipa zaidi, afungiwe chumbani peke yake, chakula apewe mlangoni kama mwali. Nikamgeukia wakala, nikamkumbusha watoto wake aliowataja siku ile, nikacheka ili naye acheke. Hakucheka. Nikageuka kama ninayeondoka. Hakuniita.

"Ni mara moja tu, mama. Nilikwambia."

Baba alikaa kwenye benchi akafungua blanketi mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemenya ndizi asiyoitaka. Basi liliwashwa. Yule mwanamume wa panadoli alishapita kwa paji safi, na sasa alikuwa dirishani anakohoa. Nikahesabu vichwa ndani ya basi. Nikahesabu tena, kwa sababu sikuamini. Nusu ya abiria waliyoitangaza ilikuwa imejaa viti vyote, na waliozidi walikuwa wamesimama katikati wameshikana mabega, wote wamepimwa, wote salama.

Nesi alitoka nje. Sijui ni huruma au ni aibu. Alimsogezea baba kile kipimo bila kuambiwa. Kikalia mara moja. Thelathini na sita na nusu. Alimtazama wakala, na mlango wa basi ulikuwa bado wazi.

Wakala alitazama saa, halafu akaufunga.

Niliwapigia simu Kirando papo hapo. Binamu yangu alimweleza mama yake kwamba kaka hakupanda, atakuja safari ijayo. Shangazi hakukubali. Alisema kaka yake hajawahi kusema anakuja asije. Meli ilipokaribia kufika aliwalazimisha vijana wambebe kwa kiti hadi ufukweni, na miguu yake ile. Akakaa pale, na kila aliyeshuka alimuuliza: humo ndani kuna mzee wa Kibondo mwenye nyonga mbovu?

Wengi walipita. Mmoja akasimama, mtu mnene, akajibu kwa wema kabisa: "Yule mzee wa Kasulu? Yule walimzuia, bibi. Alikutwa na korona. Alikuwa anachemka."

Shangazi alirudishwa nyumbani akaanza kulia. Hakujililia yeye. Alimlilia baba. Binamu yangu alitupigia, tukamwekea baba simu, baba akapiga kelele maana hasikii vizuri, "Mimi mzima! Dada, mimi mzima! Ni mvuke!" Na shangazi akawaambia wanawe wazime, wasimwekee sauti za kumdanganya, yeye si mtoto. Akaagiza wembe. Akanyolewa nywele zote kama anavyonyolewa aliyefiwa.

Safari iliyofuata haikuwepo. Gari la matangazo halikupita tena kusema kwa nini. Pale stendi waliambiana kwamba wahudumu wa meli wanaumwa, changamoto ya upumuaji, na wakala hakuonekana. Tiketi ya baba haikufa. Ipo hadi leo, nzima kabisa, ya chumba cha chini, karibu na choo. Aliyekufa ni shangazi, kabla maharage ya msimu ule hayajakauka.

Nilipeleka habari Kibondo mwenyewe, sikutaka kuisema kwa simu. Mama alikuwa anachambua mboga. Aliposikia aliingia ndani, na nikasikia sufuria ile kubwa ikiburutwa kutoka mahali pake. Aliitoa hadi nyuma ya nyumba akaiegemeza kifudifudi ukutani. Kuku wanatagia chini yake sasa. Baba hajawahi kumlaumu hata kwa neno moja, na nadhani mama angependelea alaumiwe.

Baba aliomba wembe. Nikamweka kwenye kiti uani, juani, nikamnyoa mimi, maana mama alikuwa bado nyuma ya nyumba. Chupa ya asali ilikuwa bado dirishani, imeganda.

"Yeye amenililia mimi kwanza," alisema baba, kichwa kimeinama. "Amenizika, halafu akafa. Mimi sasa namlilia nani? Mtu aliyeniona maiti?"

Kwa maneno ya aina ile, bei ya pili siijui. Nilimaliza kumnyoa, nikampangusa kwa kanga. Akanishika mkono akauweka kwenye paji lake la uso.

"Nipime."

Nikaacha kiganja pale kwa muda.

"Umepoa, baba."

"Rudia."

Nikarudia.